Mama Mkwe Haachi Kufunua Supu Yangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijamkosea adabu mtu mzima. Mimi ni fundi cherehani, nyumbani namshukuru Mungu tunapendana, mume wangu ni muuguzi na Jumatano anaingia zamu ya usiku, binti yetu naye anakimbilia mazoezi ya kwaya, lakini kabla hawajatoka ndipo tunapokaa meza moja, tukasali, tukala, maana siku nyingine kila mtu anakula kwa wakati wake. Sasa dada yangu akanipa sufuria ya umeme, ile inayopika polepole kutwa nzima, asubuhi unatia kuku, viazi, karoti, kitunguu na tangawizi, unamimina maji, unafunika, unakwenda zako kazini, ukirudi nyama inaachia mfupa yenyewe, tulikula tukajilamba vidole. Kisha mama mkwe akahamia kwetu, mwanamke mwema, ananiita mwanangu na sijasikia neno baya kinywani mwake, ila sufuria iliyofunikwa inamnyima raha, akipita anafunua, anakoroga, ananusa, akimaliza kusali anafunua tena, na mimi nikirudi nakuta viazi vigumu kama mawe. Jumatano iliyopita mume wangu aliondoka na kipande cha mkate mkononi, binti akatafuna karoti kruu kruu akauliza, “Mama, hii supu au kachumbari?” na mama mkwe akadakia, “Sufuria yenu mvivu hiyo! Nimeisaidia kutwa nzima na bado!” Tulicheka wote, lakini mshauri, ile meza ilivunjika kabla hatujakaa. Nikimwambia asiguse, ataona namfukuza jikoni, yeye aliyemlea mume wangu kwa mikono yake. Nimefikiria hata kuificha chumbani. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Njaa

Fundi, pole, na hongera pia, maana wengi wanaoniandikia kuhusu mama mkwe hawaanzi kwa kumsifu.

Ila nikuulize: mimi usiyenijua umenimwagia yote, na yeye mnayeamkiana kila asubuhi umemwambia nini? Hujamwambia kitu. Umecheka, ukanuna moyoni, sasa unataka kulala na sufuria chumbani kama mtoto mchanga! Acha hayo.

Sufuria hiyo haina moto mkali. Inaivisha kwa joto lililofungiwa ndani, na kila kifuniko kikiinuka joto linatoka, inaanza kujikusanya upya. Mama hajui, kwa sababu amezoea jiko ambalo usipokoroga, chakula kinaungua. Hakuharibii. Anamchungia mwanawe chakula.

Jumanne jioni kaa naye mmenye viazi pamoja. Mwambie kwa mdomo wako, usimtume mumeo: “Mama, hii ukiifunua inapoa, na mwanao anakwenda kazini na njaa.” Hilo la mwanao litamwingia kuliko maelezo yangu yote. Kisha mpe kazi ya kweli. Chumvi usitie wewe. Chumvi, ndimu na majani ya giligilani viwe vyake, na kifuniko afunue yeye, mkiwa nyote mmeshakaa mezani.

Bakuli la kwanza mpakulie yeye. Na ukionja ukakuta chumvi imezidi kidogo, meza mate, sema “Asante, mama,” ule. Viazi vimeiva na mume wako bado amekaa.