Shukrani kwa Deni Ambalo Halijafutwa

Longbridge, Birmingham,
14 Mei 2024.

Mpendwa mdogo wangu Landry,

Salamu nyingi kwenu huko Kalemie. Hamjambo? Mvua imepungua? Na goti la Mama? Mimi, shemeji yako Ignace na watoto tu wazima, ila nimekasirika, na wewe umo.

Ile sauti uliyosikiliza kwenye simu ukanipigia mbio kuniambia, "Dada, banafuta deni ya ba-infirmière bote!", ilihusu wauguzi wa Marekani. Huko, anayefanya kazi ya umma miaka kumi huku akilipa, anaweza kusamehewa mkopo wa masomo uliobaki. Mimi niko Uingereza, Landry! Nilikuomba ungoje niulize. Hukungoja. Ulimchukua Mama mkaenda mbele ya kanisa kutoa shukrani, naye kwa furaha akaahidi mabati ya paa jipya kwa jina langu.

Hapa sisi wauguzi hatujasamehewa hata peni moja. Tunaomba, wakubwa wanatusifu tu. Nilikopa ili nisome, na nusu ya masomo yenyewe ilikuwa wodini, nikiogesha wagonjwa bila mshahara. Yaani nililipa karo ili niwafanyie kazi bure! Wakati wa korona watu walisimama milangoni wakitupigia makofi na masufuria. Sasa mkopo unakatwa kabla mshahara haujanifikia, na kwa sababu ya riba, deni limezidi lile la siku niliyohitimu. Hii ni haki gani?

Mwenzangu Parveen amechoka, ameacha wodi akaenda kuuza miwani dukani, mtaa wa Kings Heath. Deni limemfuata hukohuko.

Video mliyonitumia nimeitazama tena na tena. Mama anacheza na goti lile bovu, anapunga kitambaa, anaimba kwamba mwanawe amefunguliwa. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa juu yako tena.

Lakini Mama asibebeshwe aibu. Jumapili simama palepale mbele, wewe mwenyewe, useme ulikosea, na kwamba mabati siyawezi.

Msalimie shangazi Sylvie na Rosine wetu. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Na wakikuuliza kanisani kwa nini nchi tajiri namna hii inamdai muuguzi anayewauguza watu wake, waambie hata mimi nimeuliza, na hakuna aliyenijibu.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Dada Dative