Chupa ya Lothar Haijafunguliwa

Ngoliba, Thika
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa binti yangu Kanini,

Pokea salamu za baba yako mdogo Mutie, ambaye bado anapumua na meno yake manne bado yako kazini. Habari ya huko Bamberg? Baridi imepungua? Unakula vizuri? Sisi tuko, ila mvua imetukataa, na nyumbani si kuzuri.

Barua hii anakuletea Gerishon, anarudi huko Alhamisi. Usicheke mwandiko. Niliacha shule mapema na mwalimu alifurahi kuliko mimi.

Zile pombe ulizompa Gerishon zilifika. Nilizifuata mwenyewe kwake huko Ruiru, nikazipakata kama mtoto mchanga. Ananiambia Ujerumani kila mji una pombe yake na hawataki kusikia ya jirani. Watu wa maana hao. Ile ya Köln ni nyepesi, inaisha kabla hujaikaribisha. Ya ngano ina ukungu kama uji wa juzi, lakini tamu. Ya Leipzig, mtoto wangu, wametia chumvi na dania! Nilimwonjesha jirani yetu Erastus, mzee wa kanisa, akauliza nyama iko wapi. Hizo zote nilizinywa moto, kama kawaida yangu. Friji ni ya vijana.

Baba yako hakugusa hata moja. Unajua ugonjwa uko kooni. Siku hizi hata uji unapita kwa shida, na daktari wa Thika alituambia tukae naye nyumbani. Hakutupa tarehe ya kurudi. Nafikiri umeelewa.

Sasa, ile chupa ya Bamberg, yenye harufu ya moshi. Nilimwambia imepikwa nyumbani kwa akina Lothar, huyo rafiki yako. Ndugu yangu Muoki akainuka kitandani. Alikuwa hajainuka peke yake tangu Krismasi.

Akasema, "Pombe ya mkwe hainywewi kabla binti hajaulizwa. Iwekeni."

Hujasahau, au umekuwa mzungu? Kwetu baba anashika kibuyu cha pombe iliyoletwa na mkwe, anauliza binti yake mbele ya watu: ninywe? Akisema anywe, basi ameolewa. Nilimwambia pengine ni kinywaji tu, wazungu hawajui mambo hayo. Alinitazama mpaka nikaiweka.

Basi chupa imesimama kando ya kitanda. Mama yako anaipanguza vumbi kila asubuhi kama picha ya harusi. Simu baba yako hataki, anasema sauti ya simu ni ya mtu yeyote. Nikajitolea kumwonjea. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa maana huyo amenicheka tangu nizaliwe.

Gerishon anasema chupa hiyo inaweza kukaa hadi mwaka ujao. Baba yako hawezi.

Kwa hivyo nauliza mimi: ni ya mkwe, ama ni zawadi tu? Kama ni ya mkwe, njoo uulizwe, na uje sasa. Kama ni zawadi tu, usijibu. Nitaifungua, nitamlowesha midomo, na nitamwambia umesema anywe. Nimewahi kudanganya watu kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mama yako Syokau anakusalimu, na shangazi yako Kaluki, na Rachael ambaye amejifungua salama. Mungu akufunike huko uliko na akufungulie njia.

Ni mimi baba yako mdogo, akupendaye hata akikutania,

Mutie