Mzee Aliyebaki na Sanduku

Jumapili, 12 Mei

Nisamehe, daftari langu. Tangu mtoto azaliwe sijakuandikia hata mstari. Maneno yapo, mikono ndiyo haipo – mmoja wa mtoto, mwingine wa nepi. Keshokutwa narudi kazini, kuwatembeza abiria wa meli kwenye magofu ya Olimpia. Wakala wa meli kasema wazi: abiria mmoja akiachwa na meli, na mimi kazi basi. Mama mkwe, Garifalia, atabaki na mtoto. Hatujambatiza, kwa hiyo jina hana. Tunamwita Bebe.

Jumanne, 14 Mei

Miguu inawaka moto. Maziwa yalinilowesha blauzi mbele ya hekalu la Zeu, nikajiziba na kibao cha namba ya basi. Abiria walishindana mbio na ndala kwenye uwanja wa kale. Mama mmoja kajilaza juu ya nguzo apigwe picha – mlinzi kapuliza filimbi mpaka mashavu yakaiva!

Mzee mmoja hakutazama jiwe lolote. Anargiros, wa Melbourne ng'ambo, alihama nchi hii akiwa mtoto. Mama yake amezikwa kijiji cha juu, kijiji chetu hiki. Akaomba nimpeleke. Nikakataa, meli inang'oa nanga saa kumi na moja. Akasema sawa, binti. Hakunung'unika – hapo ndipo aliponimaliza. Wenzake walipokwenda kula, nikaita teksi.

Kaburini tukakuta jina la mwanamume, na maua mabichi.

"Mama yangu mmemtupa wapi?"

Maskini, aliondoka kabla hajaelezwa. Kaburi kwetu ni la kupishana. Miaka michache, mifupa inatolewa, inawekwa sandukuni. Ndugu zake hawakumwandikia. Mama mkwe, nyumba yake inatazamana na makaburi, akaja na Bebe kiunoni.

"Hakutupwa, mwanangu. Nilimwosha mifupa mimi, kwa mvinyo. Njoo umwone."

Kwenye kijumba cha mifupa akashusha sanduku lenye jina la mama yake: Polikseni. Pa kuwekea picha kioo kitupu. Mzee akalipakata. Nikamwambia muda umekwisha. Nikarudia, kwa ukali.

"Nilishamwacha mara moja, binti. Nenda wewe."

Nikaenda, nina watu basi zima. Bandarini nikawahesabu, nikamwambia wakala ukweli. Meli ikapiga honi, ikaondoka.

Jumatano, 15 Mei

Wakala hajasema kama kazi ninayo. Kauliza tu vitu vya mzee vikishushwa bandari ya Pirea vitumwe wapi. Mzee kalala kitanda cha marehemu baba mkwe, Bebe kamng'ang'ania kidole. Mama mkwe anasema wasiamshwe, wote wawili.

Nimwandikie wakala sasa, kabla Bebe hajalia. Bado tunahitaji: dawa za presha, hizo kwanza, mfukoni kabakiwa na za leo tu. Pasipoti, iko mapokezi ya meli. Meno ya chini, yamo kwenye glasi bafuni. Sweta ya kijivu. Na picha ya mama yake, iko chini ya mto – isikunjwe, kioo cha sanduku ni kidogo, kingo tutazipunguza wenyewe.