Skrubu ya Pampu

Jumapili, 8 Machi 2015, Jeddah
Nimeosha lori. Matairi, kabini, bomba la moshi. Kiprono akapita na lori jipya la bosi, akapiga honi. Riyadh tena. Ana miezi minne tu hapa na safari ya Riyadh ni yake. Mimi nina miaka sita, bado nazunguka mitaa ya Ghulail hapa mjini na saruji. Nina wivu. Basi.

Jumatatu, 9 Machi
Tumeanguka ukaguzi wa moshi. Mara ya pili. Mkaguzi alitia kifaa chake kwenye bomba, akaniambia nikanyage mafuta, wingu jeusi likamfunika. Injini si ya lori hili, mimi na bosi tuliipachika. Pampu ya dizeli niliifungulia skrubu mwenyewe, imwage dizeli zaidi, ili lipande mlima wa Taif na mzigo. Lilipanda kweli. Wakati huo hakuna aliyeuliza habari za moshi.
Bosi amesema imebaki mara moja. Likianguka, lori halas, linauzwa chuma chakavu, na mimi narudishwa Kenya. Binti yangu yuko kidato cha pili.

Jumatano, 11 Machi
Bosi amemwita Kiprono aliangalie lori langu. Langu! Alikuwa fundi wa dizeli Eldoret, na amehakikisha kila mtu anajua. Alilala chini yake saa tatu nzima. Akabadilisha chujio la hewa, akasafisha nozeli, akapunguza skrubu ya pampu nusu mzunguko. Moshi ukakatika. Bosi akampiga bega, akamwita mwanangu kwa Kiarabu. Mimi nimesimama na tambara mkononi. Hajawahi kuniita hivyo.

Alhamisi, 12 Machi
Nimelijaribu barabarani. Zito. Kila nikibadili gia nausikia mkono wa Kiprono.

Jumapili, 15 Machi
Hili naliandika mara moja tu. Asubuhi, kabla ya kwenda kwenye ukaguzi, nilichukua bisibisi na spana nikairudisha skrubu pale nilipoiweka mimi. Nilijiambia nataka nguvu kidogo ya kupanda daraja. Uongo. Nilitaka lipite kwa kazi yangu, au lisipite kabisa.
Halikupita.

Jumatatu, 16 Machi
Limevutwa kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sikutoka kutazama.
Kiprono alikuja chumbani, macho mekundu. "Mzee, pole sana. Ni mimi. Nadhani ile nati ya kuishika skrubu sikuikaza vizuri, ikajirudisha. Nimekuharibia kazi."
Nikamjibu, "Haidhuru, kijana."
Haidhuru! Kinywa changu hiki hiki.

Jumatano, 18 Machi
Amekwenda kwa bosi bila kuniambia. Amesema kosa ni lake, mzee ana watoto shuleni, asirudishwe. Mzee apewe lile lori jipya. Yeye atalinda ghala. Bosi alifoka, kisha akakubali. Nimekabidhiwa ufunguo mbele ya Kiprono. Akapiga makofi.
Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Bosi alikuwepo, Kiprono alikuwepo. Nikasema asante.

Jumamosi, 21 Machi, Riyadh
Nimefika Sulimaniyah saa nane mchana. Mzigo umeshushwa bila shida. Lori halitoi moshi hata kidogo. Kiti bado kimewekwa kwa miguu ya Kiprono, mirefu kuliko yangu, na nimeendesha njia nzima nimekaa ukingoni. Sijakirekebisha.
Ametuma ujumbe kuuliza kama nimefika salama. Nimemjibu nimefika.