Popo wa Mwamgongo

Ujiji, 9 Machi

Mjukuu wangu Riziki,

Hatujambo, mama yako amerudi salama kutoka Kalinzi. Umeniuliza kama shirika lenu la huko ng'ambo ligharamie utafiti wa virusi vya popo huku kwetu. Leo sikufichi kitu.

Nikiwa msichana wa shule Mwamgongo, watafiti wa kigeni walimtuma kaka yangu kuwakamatia popo. Wao walivaa glavu, yeye mikono mitupu.

Mama akazicheka glavu zao: “Wageni hawa, wanaogopa kunuka!”

Nikawauliza mbona hawafanyii kazi hiyo kwao. Mmoja akajibu, “Kwetu haturuhusiwi.”

Kaka alipougua, walikuwa wameshaondoka na chupa zao za damu ya popo. Akafa, na hatukujua kilichomuua.

Nimewakatia tamaa wao, si wewe. Kabla hujaweka sahihi, nijibu upesi: kazi hiyo ingeruhusiwa jirani na nyumba yako huko?

Bibi yako