Kofia ya Mwanga ya Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Kofia imefika. Chiriku kaibeba kama kabeba mayai. Kwa nje ni helmeti ya pikipiki tupu. Ndani taa ndogondogo nyekundu, zimejaa kama macho ya panya. Nikamuuliza, hii ndiyo ya kuotesha nywele? Akasema ni leza, bibi, mwanga wake unaamsha mizizi iliyolala. Inachoma? Haichomi. Inauma? Haiumi. Sasa inafanya nini! Akacheka kidogo. Hata hicho kidogo nimekipokea kwa mikono miwili. Mjukuu wangu huyu tulimwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata mdomo ukijaa chakula. Siku hizi unashinda naye kutwa, unadhani umeshinda na kabati.

Ni msusi. Na kichwa chake ndicho kilikuwa bango la saluni. Mtindo mpya ukija, Mama Saluni anaujaribu kwake kwanza, anaubana mpaka nyusi zinapanda, ili wateja waone. Leo vijisuko, wiki ijayo wamefumua wanamshonea nywele za dukani. Nywele za mbele zimeondoka. Sasa wigi toka anaamka mpaka analala. Mimi niliyemwogesha na kumchana tangu ana meno mawili, sijui kichwa chake kikoje!

Nilimwambia twende kwa daktari wa ngozi. Akasema, daktari atanivua wigi. Basi, ndiyo maana kanunua kofia. Kofia haina macho.

Jumapili, 9 Machi

Mimi sikukanyaga darasa, herufi nilidokoa kwa wanangu walipokuwa wakifanya kazi za shule. Kwa hiyo nisichokijua nauliza watu, sioni haya.

Nimeanza na kinyozi wa kona. Kichwa chake kinang'aa kama sufuria jipya. Nikamuuliza, hizi taa za nywele ni kweli? Akasema, mama, zingekuwa kweli ungenikuta na kipara hiki? Wateja wakavunjika mbavu. Nikamwambia wewe kipara kimekusaidia, watu wana pa kutazama zaidi ya hiyo pua. Wakacheka zaidi, naye akacheka.

Nikiwa natoka, Mzee Redio akanifuata. Jirani yetu, habari zote za mtaa zinaanzia kwake. Leo ananong'ona! Kumbe mwanawe alimletea kitana cha taa kama hizo. Akavua baraghashia nione. Anasema zilirudi — si msitu, vinyoya tu, lakini zilirudi. Akachoka, akaacha, nazo zikaaga. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Kwa hiyo kinyozi anasema uongo, au Mzee Redio ndiye? Sidhani. Mzee Redio kipara chake cha ukoo, baba yake hivyo, babu yake hivyo. Sisi kwetu tunazikwa na nywele zetu. Za Chiriku hazikuondoka zenyewe, zilivutwa. Nimekaa na hilo jioni nzima. Mwanga utajua tofauti?

Jumapili, 6 Aprili

Hamna kitu. Yeye anasema anahisi kama panatekenya. Nikamwambia nione. Bado, bibi. Kijitabu kilichokuja na kofia kinasema avumilie miezi.

Kuvumilia si kazi. Kazi ni kujua unavumilia nini.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimempelekea chai chumbani. Mikono imejaa, nikasukuma mlango kwa goti. Ulikuwa haukufungwa vizuri. Mungu wangu! Amekaa kitandani na kofia yake inawaka, na chini ya kofia — wigi. Wigi zima, na kile kisoksi chake cha ndani.

Nikaropoka. Nikamwambia, mke mwenzangu, unaota jua ukiwa ndani ya blanketi? Umeniwashia taa wigi la watu! Marehemu babu yake ndiye aliyekuwa akimwita mke mdogo, na kwa kawaida nikimwita hivyo ananijibu kwa matusi ya utani.  Leo machozi yakamtoka, kimya, kofia bado inamulika.

Nikaweka chai chini. Nikamuuliza, siku zote hizi? Siku zote, bibi. Nikilivua wigi nitajiona kwenye kioo. Anajua vizuri kwamba mwanga unatakiwa ufike kwenye ngozi, amesoma kijitabu mpaka kimechakaa. Alikuwa anasema kesho nitalivua. Kesho.

Nikageuza kioo kikatazama ukuta. Nikakaa nyuma yake, nikamwambia mimi siondoki. Tukakaa mpaka chai ikapoa. Akavua kofia na wigi mwenyewe.

Sitadanganya.  Mbele na masikioni pameteleza, pang'avu kama kisahani, hakuna hata tundu la unywele. Nyuma kidogo kuna vinywele vifupi, vyembamba. Nikaweka kiganja changu pale penye baridi. Nikamwambia kichwa chako ni kile kile nilichokiogesha, na bado ni kibishi. Akalia kwa sauti, mara ya kwanza. Halafu akasema, bibi, twende kwa huyo daktari.

Jumanne, 6 Mei

Daktari wa ngozi ni binti mdogo, wa umri wa mwanangu wa mwisho. Shikamoo mama, marahaba. Akamtazama Chiriku kichwa kizima kwa kijilenzi chenye taa, taratibu, bila kuguna. Namshukuru kwa kutoguna.

Nikamuuliza wazi, kofia ni utapeli? Akasema hapana, mama. Kwa upara wa kurithi huwa inasaidia, si wote, si sana, na mpaka uendelee nayo. Lakini hapa nywele zimevutwa miaka. Mzizi ukishageuka kovu, hakuna mwanga wa kuuamsha. Chiriku akamuuliza, na hapa mbele? Daktari akasema, hapo mbele sikudanganyi, dada. Nyuma yake bado pako hai. Nitakupa dawa, lakini ya kwanza ni hii: hakuna kubana tena, hakuna kushonea, hakuna wigi la gundi.

Nimerudi nimechoka. Nilitaka aniambie kofia ni uongo mtupu, nipate wa kumtukana. Sasa nimtukane nani? Mwanga ni wa kweli, ila si wa kwake. Hilo linauma vibaya kuliko uongo.

 Chiriku kashika mkono wangu njia nzima.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi Mama Saluni kapiga simu. Kuna mtindo mpya wa kushonea, Jumamosi wanapiga picha za bango, anakitaka kichwa cha Chiriku. Atapita jioni akipime. Chiriku kajibu haya, dada. Haya! Nikataka kumnyang'anya simu. Nikajizuia, nikamwambia tu, mimi niko jikoni.

Sasa kafika. Nimesikia hodi, nikatoka. Chiriku akatoka chumbani kwake, ananipita ukumbini, kichwa kitupu. Hana wigi, hana hata kitambaa.  Akaniambia, bibi, mwambie aingie. Nikasema nikae nawe? Akasema hapana.

Niko jikoni, naandika nimesimama. Mama Saluni huanza kuongea kabla hajavua viatu. Kaingia, nimesikia kiti. Hajasema neno.

Sasa nasikia mtu anaanza kuongea — ni Chiriku.