Mzunguko Uliopinda

Kamwene, mjukuu wangu Neema,

Huku Kalenga mahindi yamekauka kabla ya kuzaa, ila kijiji kizima kinajua nina mjukuu chuo kikuu Mbeya, nimehakikisha.

Katika barua yako unauliza kuchora picha ukutani na wenzako kunasaidia nini, ikiwa huzuni yako haiondoki. Nilipomzika mwanangu wa kwanza, majirani walikuja tusuke kikapu kimoja, kila mmoja mzunguko wake. Mimi, msukaji hodari kuliko wote, nikaupindisha wangu.

"Wifi, mzunguko wako umelewa ulanzi!" dada wa mume wangu akasema. Nikacheka, halafu nikalia. Hawakuufumua. Wakasuka juu yake.

Huzuni haijaondoka mpaka leo, sikudanganyi. Kikapu kile bado nakitumia kubebea unga. Nenda kachore, mama, hata vibaya. Wenzako watachora pembeni yako.

Bibi yako